Bima ya Afya na Haki Zako Hospitalini: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Kila Jumamosi asubuhi, mimi na wenzangu watatu huketi kwenye baraza ya nyumba moja hapa Likoni, Mombasa. Majirani huja na bahasha zao: bili, kadi za kliniki, karatasi za bima zilizokunjwa hadi zikachanika kati. Hatulipwi, wala sisi si mawakili. Tulianza baada ya binamu yangu kuzuiliwa hospitalini na mtoto mchanga, kisa ambacho nitakieleza mbele. Maswali yanayoletwa pale barazani ni yale yale, nami nimeyaandika hapa ili anayeishi mbali nasi asilazimike kuvuka feri kuja kuyauliza.

SHA ni nini, na NHIF ilikwenda wapi?

NHIF, bima ya taifa ya hospitali hapa Kenya iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungwa. Mahali pake pakaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, kwa sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, pamoja na mambo mengine kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mpango ukaanza.

Ndani ya SHA mna hazina tatu, na ukizijua umeshaelewa nusu ya matatizo yako. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inayogharamiwa na serikali, na hii ndiyo ya zahanati na vituo vya afya. Ya pili ni bima yenyewe, SHIF, inayotokana na michango yetu, nayo hulipia hospitali kubwa na kulazwa. Ya tatu ni ya dharura, na pia ya magonjwa sugu na magonjwa mahututi pale fungu la SHIF linapokwisha.

Nimejisajili. Mbona hospitali inaniambia bima yangu haijawashwa?

Kwa sababu kujisajili na kulipa ni mambo mawili tofauti, na watu hawakuelezwa hivyo. Maafisa walipita mitaani na vishikwambi vyao, watu wakatoa vitambulisho, wakarudi nyumbani wakijua wamemaliza. Watu zaidi ya milioni 20 walisajiliwa katika mwaka wa kwanza, lakini wanaolipa ni wachache mno ukilinganisha na idadi hiyo.

Ukiwa umejisajili tu, bila kulipa hata shilingi, una haki ya kutibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, vilivyo kwenye mpango. Homa, shinikizo la damu la kawaida, kliniki ya mtoto: anzia huko. Ukivuka kwenda ngazi ya 4 kwenda juu, au ukilazwa, hapo ndipo unapoulizwa mchango. Piga *147# uangalie hali yako leo, ukiwa mzima. Nimewaona watu wakiipiga namba hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye foleni ya wodi ya kujifungulia, na uchungu umeshaanza.

Mimi nauza mahamri na mbaazi. Nalipa kiasi gani, na kwa nini nidaiwe mwaka mzima kwa mpigo?

Kisheria, kaya isiyo na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa mapato ya muuza mahamri hayaandikwi popote, serikali huyakisia kwa tathmini ya uwezo. Unaulizwa nyumba yako ni ya nini, unapikia nini, choo chako ni cha aina gani, una mifugo au huna. Majibu yanaingizwa kwenye mashine, na mashine inatoa kiasi.

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na mimi naungana nayo. Mjane anaishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe, ana umeme na maji ya bomba, lakini anakula mlo mmoja. Mashine inaona ukuta, njaa haiioni. Tumekuwa na mama mmoja aliyekadiriwa zaidi ya maradufu ya jirani yake mwenye duka, kwa sababu ya paa tu.

Ukiona kiasi kimezidi uwezo wako, usikubali kimya wala usikimbie. Rudia tathmini kwanza, kwa maana mara nyingine aliyekuandikisha alijaza haraka bila kukuuliza. Ikibaki vile vile, nenda ofisi ya SHA ya kaunti na barua fupi inayosema unaishi na nani, unapata nini kwa siku, na unaomba utathminiwe upya. Barua ya chifu au ya mhudumu wa afya ya jamii anayekujua husaidia. Tengeneza nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.

Kuhusu kulipa mwaka mzima: naam, asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini kabisa hizo ni shilingi 3,600. Anayepanga bajeti kwa mwezi anaweza kuziona ndogo. Anayenunua unga kwa kibaba hawezi. Serikali yenyewe ililiona hilo mwaka 2025, ikaanzisha utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole wa kulipa kidogo kidogo kupitia simu. Kabla ya kuingia humo, uliza kama ni mkopo, na kama una gharama ya juu yake.

Kwa wasiojiweza kabisa, sheria inaitaka serikali iwalipie, na mwaka 2025 ilitangaza kuwafadhili watu milioni 2.2. Ukimjua mtu wa aina hiyo mtaani kwako, mpelekee mhudumu wa afya ya jamii jina lake. Wengi wanaostahili hawana simu na wala hawasomi matangazo.

Na mimi niliyeajiriwa?

Unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu. Zamani NHIF haikuzidi shilingi 1,700 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa 100,000 sasa anakatwa 2,750. Mwenye 20,000 anakatwa 550, ambayo ni pungufu ya 750 alizokuwa akikatwa zamani. Angalia hati yako ya mshahara, kisha uangalie kwenye *147# kama pesa zimefika. Wapo waajiri wanaokata na kukaa nazo.

Kujifungua ni pesa ngapi?

Orodha ya mafao iliyochapishwa na serikali inasema SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, na 30,000 kwa upasuaji. Ukipewa bili ya juu ya hapo, uliza, na uulize kwa maandishi, ziada ni ya nini: chumba cha pekee? dawa? siku za ziada? Hospitali ya umma na hospitali ya kibinafsi hazifanani hapa. Kwenye ya kibinafsi, uliza kabla ya kulazwa kama bei ya SHA inatosha au kuna nyongeza.

Kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, orodha hiyo hiyo inaweka shilingi 10,650 kwa kila kikao, vikao viwili kwa wiki. Kwa saratani, fungu lilianza na 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka SHIF, kisha 150,000 kutoka ile hazina ya tatu. Wenye wagonjwa wa saratani wanajua fungu hilo linaisha lini: huwa kabla mwaka haujafika nusu. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hivyo dai kuonyeshwa orodha ya sasa.

Nimeambiwa sistimu iko chini, nilipe taslimu. Nifanyeje?

Andika saa, tarehe na jina la aliyekuambia. Ikiwa hali yako inaruhusu, omba usubiri, na piga simu ya bure ya SHA, 147, ukiwa pale pale dirishani. Mara nyingi sistimu huamka ghafla. Ukilazimika kulipa, dai risiti iliyoandikwa kila huduma peke yake. Bila risiti ya namna hiyo, kudai kurudishiwa ni kazi bure.

Lakini pia tuwe waadilifu. Si kila karani anayesema hivyo anadanganya. Hospitali nyingi, hasa za kibinafsi za mitaani, zilikuwa zinaidai NHIF mabilioni ilipofungwa, na Februari 2025 chama chao kiliwataka wanachama wasitishe huduma za SHA. Hospitali isiyolipwa hununua dawa kwa nini? Tunapodai haki ya mgonjwa, tunadai pia SHA ilipe kwa wakati. Mambo hayo mawili hayatengani.

Mgonjwa wa dharura anaweza kudaiwa amana kwanza?

La. Hili lishike moyoni kuliko jingine lolote hapa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi "aliyelipa", haisemi "mwenye kitambulisho". Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza matibabu ya dharura ni nini: huduma ya haraka inayohitajika kuzuia kifo au hali isizidi kuwa mbaya. Kwa kifungu cha 7, humo mnaingia kutuliza hali ya mgonjwa na kupanga ahamishwe ikiwa hospitali haina uwezo wa kumtibu. Hospitali yenye uwezo ikikataa, imetenda kosa, na faini yake inafika shilingi milioni 3. Sheria haitofautishi ya umma na ya kibinafsi.

Oktoba 2015, kabla ya sheria hiyo ya 2017, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 jijini Nairobi, akisubiri kitanda. Alifariki. Kila ninapoulizwa kama sheria hizi zina maana, namfikiria yeye, na mhudumu aliyekaa naye mle ndani saa zote hizo.

Pale mlangoni, usibishane kwa kelele. Sema hivi: "Hii ni dharura. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinawataka mumtulize kwanza. Kama mnakataa, naomba mniandikie kwamba mmekataa, na jina la daktari." Maneno hayo tumeyaandika kwenye vikadi, na madereva wa boda boda wa kituo chetu wanavibeba pamoja na leseni zao. Wao ndio wanaobeba majeruhi wa kwanza. Kwa kutaja karatasi tu, milango imefunguka zaidi ya mara moja.

Nimeruhusiwa na daktari lakini hospitali hainiachii mpaka nimalize bili. Ni halali?

Si halali. Hospitali ina haki ya kukudai, lakini haina haki ya kukufunga. Deni ni deni. Linafuatwa kwa makubaliano au kwa kesi ya madai, kama deni lolote.

Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani kwa kukosa pesa. Alisema kuzuiliwa kwao kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia. Uamuzi huo una zaidi ya miaka kumi sasa, na bado kila mwezi tunaletewa kisa kipya.

Binamu yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya kibinafsi. Daktari alimruhusu siku ya tatu. NHIF ya wakati huo ililipa sehemu yake, ikabaki shilingi 47,000. Tangu hapo, mlinzi wa getini akawa ndiye daktari wake. Alikuwa na daftari, na bila karatasi ya rangi ya waridi kutoka kwa mhasibu hupiti. Binamu alikaa siku kumi na moja akilala na mtoto kitanda kimoja. Kila siku kitanda kilihesabiwa, kila siku bili ilipanda, na sisi huko nje tulikuwa tukichanga kwenye kundi la WhatsApp pesa ambazo hazikuwahi kuufikia mwisho wake. Shangazi alikuwa akimletea uji kwenye chupa, wanakutana kwenye wavu wa dirisha la kufulia. Siku moja alivua kanga aliyojifunga mabegani, akaipitisha kwenye wavu ili mtoto afunikwe, kwa sababu wodini walikuwa wamenyimwa shuka: shuka zilikuwa za "wagonjwa," na yeye tayari alisharuhusiwa.

Hatukujua lolote. Mwalimu mmoja jirani ndiye aliyetuambia kuhusu ile kesi ya Pumwani. Tuliandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja: tunatambua deni, tunaahidi kulipa shilingi 2,000 kila mwezi, na tunaomba mwenzetu aachiwe leo kwa kuwa kumzuia ni kinyume cha Katiba. Tukaipeleka kwa msimamizi, na nakala tukaishika mkononi ili aione. Alitoka jioni hiyo. Deni tulilimaliza, kila shilingi.

Kwa hivyo ukiwa katika hali hiyo:

- Omba barua au fomu inayoonyesha daktari amekuruhusu, na tarehe.
- Muone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za umma zina utaratibu wa msamaha wa bili kwa asiyejiweza, lakini hautangazwi, lazima uombe.
- Andika ahadi ya malipo ya kiasi unachoweza kweli. Usiahidi 10,000 ili utoke kisha ushindwe.
- Kataa kutozwa kitanda kwa siku ulizozuiliwa baada ya kuruhusiwa.
- Usiache kitambulisho chako halisi kama rehani.

Wakikataa bado, ripoti polisi na kwa mashirika ya msaada wa kisheria, na upeleke malalamiko Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Nina bima ya kampuni binafsi na dai langu limekataliwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mkataba wenyewe, si kile kijitabu chenye picha za familia inayocheka. Watu wengi wanaokuja barazani hawajawahi kuuona mkataba wao. Uombe, ni wako.

Tafuta mambo matatu. Muda wa kusubiri: uzazi mara nyingi huwa miezi kumi, maradhi uliyokuwa nayo tangu awali mara nyingi mwaka mmoja. Mambo yasiyolipiwa, ambayo huwekwa kurasa za mwisho. Na vikomo vya ndani: bima inaweza kusema milioni 2 kwa mwaka, lakini meno 10,000 na macho 10,000.

Kisha iandikie kampuni ukitaka sababu ya kukataa kwa maandishi, pamoja na namba ya kipengele cha mkataba wanachotegemea. Mara nyingi dai hukataliwa kwa simu, kwa sauti ya upole, na ukidai kipengele hakionekani. Wasipojibu, au jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Huhitaji wakili. Ambatisha mkataba, barua zote na risiti.

Na jambo moja kuhusu wakala: anayekuuzia bima akikuambia "usiandike hiyo sukari, watakupandishia," mkatae. Ukificha kisukari leo, kampuni itapata sababu ya kukataa hata dai la mguu uliovunjika kesho.

Wanaweza kunilazimisha nipimwe Virusi vya Ukimwi ili nipate bima?

Kwa kawaida hapana. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inakataza mtu kulazimishwa kupima au kutaja hali yake ili tu apate mkopo au bima, ila kwa bima ya maisha au ya afya inayozidi kikomo kilichowekwa, kampuni inaweza kutaka kipimo.

Nimeombwa namba iliyotumwa kwenye simu yangu, na sikuona huduma yoyote. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Namba hiyo, au alama ya kidole chako, ndiyo sahihi yako. Ukiitoa bila kujua ya nini, unaweza kuandikwa ulilazwa siku nne nawe ulikuja kupima malaria. Mwaka 2025 SHA ilisimamisha hospitali nyingi kwa udanganyifu wa aina hii. Pesa hizo zinachotwa kwenye chungu kimoja na zile za mgonjwa wa figo. Uliza kwanza: "Mnanidai nini SHA?" Usiweke kidole mpaka ujibiwe.

Sisi wananchi wa kawaida tunaweza kubadilisha nini?

Zaidi ya tunavyodhani, tukienda na karatasi mahali panapofaa na kwa wakati wake.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuiuliza ofisi ya umma swali na kujibiwa ndani ya siku 21. Tuliuliza hospitali moja ya kaunti ilisamehe bili za wagonjwa wangapi kwa mwaka. Walikawia, tukawakumbusha, wakajibu. Idadi ilikuwa ndogo, nayo ikatupa la kusema kwenye kikao cha bajeti. Ofisi isipojibu, nenda Tume ya Haki ya Utawala.

Bajeti ya kaunti ina kalenda yake. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima yapitishwe kufikia 30 Juni. Anayekwenda kulia Agosti kwamba zahanati haina dawa amechelewa mwaka mzima. Nenda Mei, useme zahanati ya wapi, dawa gani, siku ngapi ilikosekana.

Kitaifa, tunadai mambo machache tu: tathmini ya uwezo iwe na rufaa inayoeleweka na mtu wa kukusikiliza, asiye na mshahara alipe kwa mwezi bila kugeuzwa mdaiwa, na tujue pesa zinakwenda wapi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema mwaka 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Mwananchi anayekatwa kila mwezi ana haki ya kuuliza kwa nini, tena aulize kila mahali anapopewa nafasi.

Nikilalamika, hawatanitesa nikirudi kutibiwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mwishoni, mtu akiwa ameshasimama kuondoka. Siwezi kukuambia haliwezekani. Zahanati ni moja, muuguzi ni yule yule, na mtoto wako ataugua tena.

Tunachofanya sisi ni kutomwacha mtu aende peke yake. Barua ikipelekwa, hupelekwa na watu wawili au watatu. Haimtuhumu muuguzi ikiwa kosa ni la mfumo. Nasi humtaja kwa jina aliyetenda vyema, kwa sababu wapo, nao wamechoka kama sisi. Na siku ya kliniki inayofuata, mmoja wetu huandamana na mama huyo, akaketi naye kwenye benchi mpaka aitwe. Binamu yangu ndiye afanyaye kazi hiyo zaidi. Hubeba uji kwenye chupa, maana foleni ni ndefu.